Muungwana, Mkorofi na Mtu wa Zohali

Siku waliyomzika Heliodoro Ceniceros, Eduviges Rentería alikuwa barazani akimnyoa kaka yake ndevu, kama afanyavyo kila Jumamosi jua likishapungua makali. Alikuwa amemfunga Ubaldo taulo shingoni, amemaliza shavu la kushoto, na sasa anavuta ngozi ya chini ya kidevu ili wembe upite. Ubaldo akamwambia asubiri kidogo.

"Wanarudi."

Msafara wa mazishi ulikuwa unarudi kutoka makaburini kwa miguu, umejaa vumbi la San Lucio mpaka kwenye kope. Mbele alitangulia mjane, Mama Hermila, viatu mkononi. Nyuma yake walifuata wanaume watatu waliovaa vinyago vya mieleka. Wa kwanza alikuwa mrefu, mwenye kinyago cheupe cha miale ya dhahabu na joho la buluu, na majogoo wa mtaa mzima waliwika alipopita, ingawa jua lilikuwa linaelekea kuzama. Wa pili alikuwa mnene, kinyago chake cha kijivu, na kila alipokanyaga aliacha alama nyeupe ya chokaa. Wa tatu alivaa mabomba ya karatasi ngumu mikononi na miguuni, na boksi lenye balbu kichwani, na ilibidi watu wawili wamshike ili avuke mtaro.

Eduviges aliwatazama huku akisuuza wembe kwenye beseni. "Mwana wa Alfajiri. Daktari Chokaa. Yule wa tatu nimemsahau jina."

"Mtu wa Zohali," alisema Ubaldo. "Alicheza msimu mmoja tu. Aliangushwa na ngazi za ulingo kabla hajaguswa na mtu."

"Basi wamekuja wote. Hermila ataweza kulisha midomo yote hiyo? Inua kidevu."

Wote watatu walikuwa Heliodoro. Mtaa ulijua hivyo na haukuwahi kusema. Katika nchi ile mwanamieleka mwenye kinyago hana jina lingine wala sura nyingine, na anayesema kwamba anayo ni mtu asiyelelewa. Hermila mwenyewe, aliyevishona vinyago vyote kwa mkono wake, alikuwa akiulizwa siku za pambano mumewe yuko wapi, anajibu kwamba yuko karakanani anaziba pancha, na kwamba huyo Alfajiri anayeshangiliwa hamjui ila kwa sifa zake. Kwa hiyo Heliodoro alipokufa kwa ini, akazikwa peke yake, hakuna aliyeona ajabu kwamba wenzake walibaki. Walikuwa watu wengine. Mji ulikuwa umesema hivyo miaka nenda miaka rudi, na sasa walikuwa wanataka chakula.

Hermila aliwapangia. Daktari Chokaa alilala karakanani juu ya matairi, na kesho yake aliamka kabla ya watu akaanza kuziba pancha, kwa sababu kazi ilikuwepo na mwenye kazi hayupo. Mtu wa Zohali aliwekwa sebuleni karibu na soketi. Mwana wa Alfajiri alipewa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, maana watu walianza kuja kumwona tangu asubuhi ya kwanza. Huyo hakula, hakutoka jasho, hakuchafua shuka. Alisimama dirishani akawapungia mkono watoto. Sentensi zake zilikuwa zile zile ambazo Heliodoro alizisema redioni akiwa na kinyago kile: "Watoto, kunyweni maziwa." "Mbinguni kuna mwamuzi asiyegeuza kisogo." "Nawashukuru ninyi, umma wangu mpendwa." Ukimuuliza kama anataka kahawa, alikujibu kwamba anawashukuru ninyi, umma wake mpendwa.

"Nimeishi na mume anayekoroma na kutukana," Hermila alimwambia Eduviges walipokuwa wakichagua maharage pamoja. "Nilimzoea. Huyu mweupe ni kama kuishi na kalenda."

"Mtoe nje, akae barazani."

"Namtoa. Majogoo wanapiga kelele mpaka namrudisha ndani."

Ubaldo aliyasikia hayo kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na hakucheka. Kutoka shingoni kwenda chini mwili wake haukuwa na habari naye tangu Jumapili moja ya Pasaka, zamani, katika Ukumbi wa Pamba. Hilo alikuwa amelizoea, kwa kadiri mtu anavyoweza kulizoea. Kuna jambo lingine ambalo hakulizoea, na lilimkosesha usingizi kuliko mwili.

Anayeanza mieleka San Lucio hafundishwi kupiga. Mwaka mzima anafundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, viganja vyote viwili vipige mkeka kwa pamoja, pumzi itoke kabla mgongo haujafika. Anaanguka asubuhi na jioni mpaka akiota ndoto anaanguka vizuri. Katika chumba cha mazoezi nyuma ya kiwanda cha barafu, aliyekuwa akiitwa kuwaonyesha wageni jinsi ya kuanguka alikuwa Ubaldo Rentería. Hakuwa na kinyago wala mkanda wa ubingwa. Ulingoni mwa nchi ile kila mwanamieleka ni ama muungwana, anayefuata sheria na kushangiliwa, ama mkorofi, anayezivunja na kuzomewa; yeye alikuwa mkorofi wa pambano la kwanza, wale wanaocheza watu wakiwa bado wanatafuta viti. Lakini alijua kuanguka, na wanamieleka waliokuja kutoka mji mkuu walimwomba awaonyeshe.

Jumapili ile ya Pasaka alipangwa kupambana na Mwana wa Alfajiri. Alifanya alichotakiwa kufanya mkorofi: alimshika muungwana kwa nyuma akaanza kumfungua kamba za kinyago. Matundu mawili yalifunguka, nywele za kisogo zikaonekana, ukumbi ukapiga kelele. Hapo Mwana wa Alfajiri akaingiwa na hofu ya kuonekana uso. Akamgeuza Ubaldo kichwa chini miguu juu, akambana katikati ya mapaja, akakaa naye chini kwa uzito wake wote. Hiyo ndiyo nyundo, pigo linalotanguliza kichwa mkekani. Imekatazwa katika kila ulingo wa nchi ile, na anayeipiga hupoteza pambano papo hapo. Mwamuzi, aliyeitwa Nabor, alikuwa amegeuka wakati huo kumgombeza muuza karanga. Alipogeuka tena aliinua mkono wa Mwana wa Alfajiri juu, na tume ya mieleka ya San Lucio ikaandika kwamba Rentería alianguka vibaya.

Alianguka vibaya. Yeye. Watu walimwambia hivyo hospitalini, wakamwambia hivyo kwa huruma barabarani, na vijana wa mazoezi waliambiana hivyo kama onyo. Mwana wa Alfajiri alikuja kumtembelea na mpiga picha. Kila Krismasi alikuja tena na kikapu cha makopo ya pichi na biskuti, akapiga picha ameinama juu ya kiti. Mwaka mmoja mpiga picha alirudi kesho yake kukichukua kikapu, kwa sababu picha zilitoka na ukungu na walitaka kuzirudia nyumbani kwa mgonjwa mwingine aliye karibu na studio. Ubaldo hakudai kikapu. Alichokuwa anakitaka kwa San Lucio ni kidogo mno, na mji haukuwa tayari kumpa: waseme alishindiliwa, wasiseme alianguka.

Basi ikaundwa kamati ya kumbukumbu. Mwenyekiti wake alikuwa Wakili Urrutia, ambaye hajawahi kumtetea hata kuku mahakamani. Maisha yake yote alikuwa mtangazaji wa mieleka redioni, na uwakili alivikwa na watu waliotaka awataje hewani. Kamati ilikusanya mabomba mabovu, vitasa vya milango na vyuma vya vitanda, ikapata shaba ya sanamu moja. Wanamieleka ni watatu. Ikaamuliwa walinganishwe hadharani, mbele ya umma, Ukumbi wa Pamba, ili ijulikane nani kati yao aliacha urithi mkubwa zaidi kwa San Lucio. Sanamu itakuwa yake, na ukumbi utachukua jina lake.

Urrutia alimfuata Ubaldo barazani, akajivutia kigoda bila kukaribishwa.

"Ubaldo, kaka yangu. Unaonekana kijana."

"Nimekaa kivulini miaka yote. Sema kilichokuleta."

"Tunataka ushuhuda wako. Maneno machache tu, ya moyoni. Vile Mwana wa Alfajiri alivyokuwa akikujia na vikapu."

"Nitakuja. Nitasema alinipiga nyundo."

Urrutia alitabasamu kwa upole, tabasamu la mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia. "Tume iliandika, kaka."

"Tume iliandika nini? Itamke."

"Kwamba ulianguka vibaya."

"Mwaka ule, Urrutia, nani alikuwa anawafundisha wageni kuanguka?"

"Wewe. Nani hajui? Lakini kila mtu ana siku yake mbaya." Akampapasa goti, akakumbuka kwamba goti halisikii, akahamishia mkono begani. "Sikiliza, nakwambia kwa mapenzi. Ukienda kule ukaongea kikorofi, watakuzomea. Unawajua watu wetu. Ya nini kujiaibisha na hali yako hiyo?"

"Eduviges," Ubaldo aliita, "mpe wakili maji ya kunywa aende zake."

Urrutia alikunywa maji, akashukuru, akaondoka akiwa na hakika kwamba mambo yamekwenda vizuri. Watu wa namna yake huwa na hakika hiyo kila waendapo.

Daktari Chokaa alikuja siku iliyofuata kurekebisha gurudumu la kiti, ambalo lilikuwa linavutia upande mmoja. Alipiga magoti chini, akafungua nati, mikono yake ikaacha unga mweupe kwenye spoki. Ubaldo alimtazama kisogo kile cha kijivu kwa muda mrefu.

"Wewe unaikumbuka Pasaka ile?"

"Naikumbuka."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa nimekunjwa ndani ya begi, chumba cha kubadilishia nguo." Alizungusha gurudumu, akasikiliza. "Lakini vya aibu vyote huja kwangu. Heliodoro alikuwa akifika nyumbani anagawa. Hili la kumsukuma Hermila mlangoni, si la Alfajiri, hili la Chokaa. Hili la kutokwenda kumwona mama yake akifa, la Chokaa. Na nyundo yako. Aliyeipiga haikumbuki, kichwani mwake mna maziwa tu. Mimi nisiyeipiga ninayo hapa mikononi."

"Niambie basi."

"Uzito wako naujua. Ulikuwa umekula machungwa, ulikuwa unanuka machungwa. Nilipokugeuza, yaani alipokugeuza, ulijikunja. Kidevu kilikuwa kifuani. Mikono ilikuwa inatafuta mkeka. Ulikuwa umefanya kila kitu sawasawa. Ile haina namna ya kuanguka, ndiyo maana wameikataza."

"Rudia."

"Ulifanya kila kitu sawasawa, kaka."

Ubaldo alitokwa machozi, na akakasirika, kwa sababu hakuweza kuyafuta na hakutaka kumwita dada yake. Chokaa aliyaona, akasimama, akamfuta kwa upande wa mkono wake. Kwenye shavu ikabaki alama nyeupe.

"Utayasema hayo ukumbini?"

"Nitayasema. Ila usisahau mimi ni mkorofi. Nikiwaambia sasa hivi ni mchana, watawasha taa."

"Wakisikia watajua."

"Labda," alisema Chokaa, akaweka spana mfukoni.

Jumapili ya kulinganishwa, Ukumbi wa Pamba ulijaa mpaka juu kwenye mihimili, pale ambapo zamani walikuwa wakipanga marobota. Hermila alikaa safu ya mbele na pochi yake mapajani, na kila aliyempita akimpa pole kwa Heliodoro hakumwambia neno juu ya wale watatu walio ulingoni. Eduviges alimsukuma kaka yake mpaka pembeni mwa kamba. Nabor alikuwepo pia, na shati lake la mistari la uamuzi, ingawa hakuna aliyemwalika kuamua chochote.

Urrutia alianza na Mtu wa Zohali, kwa haki. Alisoma mapambano yake yote bila kuvuta pumzi, kwa kuwa yalikuwa machache. Balbu ya kichwani iliwaka, watoto wakapiga makofi. Mtu wa Zohali alijaribu kuinama kuwashukuru, akanasa kwenye kamba ya pili, akabaki pale mpaka mwisho, na watu wakamwonea huruma kwa dakika moja halafu wakamsahau.

"Wa pili," alisema Urrutia, "Daktari Chokaa."

Miluzi ilianza kabla hajamaliza jina. Mkorofi akishika kipaza sauti ni lazima azomewe. Ni adabu, kama vile mtu kuvua kofia kanisani. Wanaume wanapiga ule mluzi wa mapigo matano ambao kwao ni tusi la mama, na wanawake wanaupiga vizuri zaidi. Kwa rekodi, Chokaa alikuwa amewashinda wengine wote. Aliwavua vinyago wanaume waliokuwa wakitajwa kutoka Durango hadi mpakani, akawanyoa nywele wengine walioweka nywele zao rehani, na hakuna hata mmoja aliyetoka mikononi mwake kwa machela. Urrutia aliyasoma hayo yote kwa sauti ya mtu anayetangaza ugonjwa wa mifugo.

Chokaa alichukua kipaza sauti, akaongea. Aliwaambia nani alipiga nyundo, juu ya nani, na kwa sababu gani. Aliwaambia habari ya kidevu kifuani. Hakupandisha sauti. Waliokaa nyuma walisikia kelele zao wenyewe, lakini safu za mbele zilisikia kila neno, na safu za mbele ndizo zilizozomea kwa bidii zaidi. Mzee mmoja mwenye meno ya dhahabu alipiga mluzi huku anatikisa kichwa kwa kukubali.

"Tumsikie mwenyewe," alisema Urrutia, akashuka kwa Ubaldo na kumwekea kipaza sauti mdomoni.

"Anasema kweli," alisema Ubaldo. Sauti yake ilifika mpaka juu kwenye mihimili. "Nilishindiliwa. Sikuanguka."

Urrutia alikivuta kipaza sauti taratibu. "Mmemsikia, mabibi na mabwana. Miaka yote hii, na hana kinyongo."

Ukumbi ukapiga makofi. Wengine walilia. Hermila alifungua pochi yake, akaifunga. Ubaldo alisema mengine, lakini hayakwenda mbali kuliko Eduviges.

Chokaa aliona hayo kutoka juu. Aliweka kipaza sauti chini kwenye mkeka, akaenda nyuma ya Mwana wa Alfajiri, ambaye wakati huo alikuwa anawapungia watoto, akaanza kumfungua kamba za kinyago. Tundu la kwanza. Tundu la pili.

"Watoto," Mwana wa Alfajiri alikuwa akisema, "kunyweni—"

Hakumaliza. Alimshika Chokaa, akamgeuza kichwa chini miguu juu, akambana katikati ya mapaja, akakaa naye chini kwa uzito wake wote. Mbao za ulingo zililia. Shingo ya Chokaa ikalia pia, kama kijiti cha kuni kinachovunjwa gotini. Vumbi la chokaa lilipanda, likashuka juu ya safu za mbele. Chokaa alilala pale kwa muda, kisha akajiinua, akakaa, akakirudisha kichwa chake mahali pake kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka sufuria sawa kwenye mafiga.

Nabor alikuwa amegeuka kumgombeza muuza karanga. Hakukuwa na muuza karanga siku hiyo, lakini Nabor alimgombeza pale pale alipokuwa akisimama zamani, akimnyooshea kidole. Alipomaliza aligeuka, akaruka kamba kwa taabu ya magoti, akainua juu mkono wa Mwana wa Alfajiri. Ukumbi wote ulisimama.

Mama mmoja aliyekaa karibu na Eduviges alijipangusa chokaa kwenye nywele. "Amejitakia," alisema. "Nani alimtuma aguse kamba za kinyago?"

"Umeiona nyundo lakini?" Eduviges alimuuliza.

"Nina macho, mwanangu. Nimeiona."

"Na siku ile ya kaka yangu?"

"Siku ile nilikaa karibu zaidi," alisema yule mama, akaendelea kupiga makofi.

Ubaldo alisikia. Miaka yote hiyo alikuwa amejishikiza kwenye wazo moja, kwamba watu hawakuona sawasawa, kwamba taa zilikuwa mbaya, kwamba joho lilifunika, na kwamba atakapopatikana wa kuwaeleza watashika vichwa. Sasa alijua kwamba waliona. Waliona yote tangu mwanzo, wakaenda nyumbani wakala, na wakalala vizuri. Aliwatazama wakishangilia, majirani zake, watu aliowajua kwa majina na kwa majina ya mama zao, akawadharau mmoja mmoja kwa mpangilio wa viti.

Sanamu ilikwenda kwa Mwana wa Alfajiri. Hakuna aliyepiga kura. Urrutia aliangalia ukumbi, akasema imepita.

Ilisimamishwa mbele ya Ukumbi wa Pamba siku ya mtakatifu wa mji, na kamati ikatoa relikia, chakula cha nadhiri cha nyama ya nguruwe kwa pilipili nyekundu na tambi za namna saba, ambacho huko hugawiwa bure kwa kila anayekuja na chombo. Foleni ilizunguka uwanja. Watu walikuja na sufuria, ndoo, na wengine na mabeseni ya kuogea, kwa kuwa aibu haiingii kwenye tambi za bure. Tangu shaba ilipomiminwa kwenye kalibu, Mwana wa Alfajiri alikuwa amepunguza kutembea. Siku hiyo walimsimamisha kando ya sanamu yake, na njiwa walitua juu ya wote wawili. Sanamu ilishika kikapu. Kwenye jiwe la chini waliandika: Kwa Mwana wa Alfajiri, muungwana, aliyemtunza Ubaldo Rentería alipoanguka vibaya.

Ubaldo aliwekwa mbele kabisa, karibu na jiwe, ili aonekane kwenye picha. Eduviges alisoma maneno yale kimya, akataka kugeuza kiti.

"Niache hapa," Ubaldo alimwambia.

"Utakaa hapa kufanya nini?"

"Niache tu, dada."

Urrutia alikuwa anahutubia. Alisema kwamba kila mji hupata urithi unaostahili, na safari hii, bila kujua, alisema kweli. Aliposema jina la shujaa akanyamaza kupisha makofi, ndani ya ule upenyo wa kimya, Ubaldo alikunja midomo akapiga mluzi. Mapigo matano, ya tusi la mama, makavu, na macho yake yalikuwa juu ya kinyago cheupe. Alitukana shaba na akamtukana aliyesimama kando yake. Hakuna aliyewahi kumpigia Mwana wa Alfajiri mluzi ule, si ulingoni si mtaani. Alivuta pumzi akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ile alijisikia ana mwili.

Watu waliusikia. Waligeuza vichwa kutafuta mkorofi, kwa kuwa mluzi ule una mwenyewe, na wakampata. Daktari Chokaa alikuwa mwisho wa foleni na sufuria ya Hermila mkononi, anasubiri zamu yake. Aliyekuwa mbele yake akampigia mluzi. Wa upande wa pili akaitikia. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unamtukania Chokaa mama yake, wazee kwa watoto, midomo ikiwa na mafuta ya nguruwe, na Urrutia aliyekuwa jukwaani akapiga wake kwenye kipaza sauti.

Ubaldo alipiga tena, akijaribu kuwarudisha. Kila alipopiga, wao walizidisha kule.

Chokaa aliweka sufuria chini kwa uangalifu isigeuke. Alitazama juu ya vichwa vya watu mpaka akakutana na macho ya Ubaldo. Kisha akainua mikono yake yote miwili, akaanza kuzunguka polepole, akiupa kila upande wa uwanja kifua chake, kama inavyompasa mkorofi anayeijua kazi yake.

Ubaldo akafunga mdomo. Wao waliendelea.